Mmea wa Milia Chini ya Mwembe

Aghalabu mwenye bustani aliyejaliwa mwembe mkubwa hutaabishwa na ardhi iliyo chini yake, ambayo nyasi huikataa kwa kukosa jua. Na hapo ndipo jirani karimu ampapo kipande cha mmea utambaao, wenye majani ya milia ya fedha juu na rangi ya zambarau chini, ambao wataalamu huuita Tradescantia zebrina. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati.

Kuutambua si kazi: ligeuze jani uione ile zambarau, kisha ulitazame ua, dogo, la waridi, lenye petali tatu zilizo sawa, ilhali jamaa zake wa porini kwetu, wa jenasi ya Commelina, kwa kawaida huwa na petali mbili kubwa za buluu na ya tatu hafifu.

Ni mzuri, sikatai. Walakini kila kifundo cha shina lake chaweza kutoa mizizi, hata kipande kilichotupwa jaani huchipua upya, na penye unyevu hutandaa hata miche ya miti ya asili ikakosa nafasi. Kwa hiyo naona heri upandwe katika chungu, mbali na mto na msitu. Na mwenye kuung'oa avae glavu, maana utomvu wake huweza kuwasha ngozi, aokote kila kipande, avitie vyote katika mfuko mweusi, aufunge barabara, na auache juani hadi vilivyomo vioze kabisa.