Vietnam: Kwa nini viatu vilikosekana madukani

Kampuni ya Nike ya Marekani haimiliki viwanda vinavyoshona viatu vyake. Karibu vyote hutengenezwa na wakandarasi wa nje. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Mei 2021, asilimia 51 ya viatu hivyo ilitoka Vietnam, asilimia 24 Indonesia na asilimia 21 China.

Utaratibu huo hupunguza gharama. Udhaifu wake ulidhihirika mwaka huo huo.

Virusi vya corona vilipousakama mji wa Ho Chi Minh na mikoa jirani mnamo Julai, viwanda viliamriwa kuchagua: kufunga, au kuwalaza na kuwalisha wafanyakazi humo humo kazini. Vingi vilifunga. Kufikia Septemba, Nike ilisema imepoteza wiki kumi za uzalishaji nchini Vietnam.

Je, kazi hiyo isingeweza kuhamishiwa Indonesia? Si kwa haraka. Kila mtindo una kalibu zake za soli, kwa kila saizi, mguu wa kulia na wa kushoto. Gundi na vitambaa sharti vipimwe kwanza, na mafundi wauzoee mtindo. Kiwanda kinachopokea kazi nacho kina oda za wateja wengine.

Hata viatu vilivyokuwa tayari vilikwama njiani. Safari ya kontena kutoka Asia hadi Amerika Kaskazini, ambayo awali ilichukua siku 40 hivi, ilifikia siku 80. Kwa mfanyabiashara, kiatu cha msimu kinachowasili msimu ukiwa umepita huuzwa kwa bei ya kutupa.

Lakini hasara haikuwa ya wenye maduka peke yao. Masharti yalipolegezwa Oktoba, maelfu ya wafanyakazi waliokaa miezi kadhaa bila ujira walipakia familia na mizigo juu ya pikipiki wakarejea mikoani kwao. Mitambo ilikuwepo, mikono ikawa haba.

Tangu hapo wanunuzi wengi wamehimizwa kutawanya oda zao katika nchi kadhaa. Hilo nalo lina mipaka. Aprili 2025, Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, ambao baadaye ulishushwa hadi asilimia 20, siku hiyo hiyo Indonesia ilitajiwa asilimia 32 na China asilimia 34.