Pikipiki Iliyotumika: Oili Ipi Uweke na Uibadilishe Vipi

Kwa wakazi wengi wa kaunti yetu, pikipiki ndiyo ajira. Ndiyo inayolipa karo, mkopo wa chama na matumizi ya nyumbani. Anayenunua iliyotumika hukagua magurudumu, breki, taa na stakabadhi za umiliki. Wachache huuliza: ndani ya injini mna oili gani, na iliwekwa lini? Injini ikikosa oili inayofaa inaweza kukwama, na gharama ya kuifungua na kuitengeneza huzidi kwa mbali bei ya lita moja ya oili. Isitoshe, mwenye pikipiki hukaa nyumbani siku kadhaa bila mapato huku mkopo ukiendelea kudai.

Oili moja, kazi tatu

Kwenye gari, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Pikipiki nyingi zinazotumiwa na wahudumu wa bodaboda, zenye injini ya 100cc hadi 150cc, hazijaundwa hivyo. Oili ile ile hulainisha injini, hulainisha gia, na pia huogesha sahani za klachi. Sahani hizo hufanya kazi kwa kushikana. Zikianza kuteleza, nguvu ya injini haifiki kwenye gurudumu.

Ndiyo maana si vyema kuweka oili ya gari kwenye pikipiki. Oili nyingi za kisasa za magari madogo, hasa zile nyepesi, huwa na kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Kwenye klachi ya pikipiki, kemikali hizo zinaweza kuleta madhara. Dalili yake ni rahisi kutambua: ukivuta mafuta injini inanguruma, lakini pikipiki haiongezi mwendo, hasa ukipanda mlima na abiria. Ukiigundua mapema, kumwaga oili hiyo na kuweka inayofaa kunaweza kuirudisha klachi katika hali yake. Ukichelewa, sahani huungua na itakubidi ununue nyingine.

Soma chupa kabla ya kuuliza bei

Kwanza, tafuta alama ya JASO MA au JASO MA2. Hiki ni kiwango kilichowekwa Japani kwa oili za pikipiki ambazo klachi yake huoga ndani ya oili. JASO MB ni ya skuta na pikipiki ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini, kwa hivyo usiiweke kwenye pikipiki ya gia. Vilevile, epuka chupa iliyoandikwa "Resource Conserving", kwani hiyo imekusudiwa magari.

Pili, tazama uzito wa oili, kwa mfano 10W-30, 10W-40 au 20W-50. Nambari iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hufika upesi sehemu zote asubuhi unapowasha. Nambari ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Uzito unaofaa ni ule ulioandikwa katika kitabu cha mwongozo cha pikipiki yako, si ule anaoutumia jirani mwenye pikipiki ya aina nyingine. Baadhi ya wamiliki huweka oili nzito zaidi ili kuficha moshi wa samawati. Moshi huo ni ishara kwamba injini inachoma oili kwa sababu ya ringi au sili zilizochakaa. Oili nzito inaweza kuupunguza kwa muda, lakini haiponyi ugonjwa.

Tatu, hakikisha kuna alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kuthibitisha bidhaa ya humu nchini kwa kutuma ujumbe wenye SM# ukifuatiwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo, kwa 20023. Usinunue oili ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Huenda ni oili iliyokwisha kutumika na kuchujwa tu.

Kubadilisha usipojua iliyomo

Usiongeze oili mpya juu ya ile usiyoijua. Imwage yote, kwa utaratibu huu:

1. Washa injini kwa dakika chache ili oili ipate joto na itoke na uchafu wake. Zima, kisha fungua nati ya chini kwa uangalifu usiungue.
2. Iangalie oili inayotoka. Weusi pekee si tatizo, kwani oili nzuri hubeba uchafu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Ukiona vipande vinavyong'aa, kuna chuma kinachosagika. Ikinuka petroli, kabureta huenda inavuja. Katika hali hizo tatu, muone fundi kabla ya kurudi barabarani.
3. Safisha chujio, au ubadilishe filta ikiwa pikipiki yako inayo.
4. Weka kiasi kilichotajwa kwenye mwongozo. Pikipiki nyingi za ukubwa huu huchukua takriban lita 1. Oili ikizidi pia hudhuru, kwa hivyo usikadirie kwa macho.
5. Washa kwa dakika mbili au tatu, zima, subiri oili ishuke, kisha pima pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare.

Kwa kuwa oili mpya huosha uchafu wa zamani, ni busara kuibadilisha tena baada ya kilomita 500 hivi, kisha ufuate ratiba ya mwongozo. Anayebeba mizigo au kupita barabara za vumbi kila siku aibadilishe mapema kuliko ratiba hiyo.

Wengi huuliza kama ni hatari kuhama kutoka oili ya kawaida hadi ya sinthetiki. Si hatari, mradi iwe na alama ya JASO MA au MA2 na uzito unaofaa. Hata hivyo, kwenye injini kongwe inaweza kufichua sili zilizokuwa zimekwisha, ukaona matone chini ya injini. Kwa pikipiki ya namna hiyo, oili ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati inatosha.

Oili chafu isimwagwe

Kumwaga oili mtaroni, mtoni au ardhini kumepigwa marufuku na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Kuipaka kwenye nguzo za ua ili kuzuia mchwa, au kuinyunyiza uani kutuliza vumbi, pia huifikisha kwenye udongo na visima. Ikusanye kwenye mtungi wenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, na uipeleke kwa karakana inayowapa wakusanyaji wenye leseni ya NEMA.

Mwisho, andika tarehe, kilomita na aina ya oili kila unapobadilisha, na uhifadhi daftari hilo pamoja na stakabadhi za pikipiki. Siku utakapoiuza, atakayenunua hatakuwa na haja ya kubahatisha.