Beringi ya Gurudumu la Mbele: Maradhi Yake na Tiba Yake

Katika kila gari litembealo baina ya Kigoma na Ujiji, uzito wa bodi, abiria, magunia ya dagaa na madumu ya mawese hupita, kabla ya kufika kwenye tairi, katika kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, kilichofichwa ndani ya habu, nacho ni beringi: pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yao gololi au roli ndogo zizungukazo katika grisi. Beringi iliyofungwa sawasawa hudumu miaka mingi, na aghalabu kinachoiua si uzee bali ni uchafu.

Pwani ya Ziwa Tanganyika ina uchafu huo kwa wingi. Gari lishukalo mwaloni kupakia samaki hufika likiwa na habu iliyopata moto kwa breki za mteremkoni. Gurudumu likizama majini, habu hupoa ghafula, hewa iliyomo ndani hunywea, na maji yaliyochanganyika na mchanga hufyonzwa kupitia sili ya mpira iliyochakaa. Grisi hugeuka tope, kutu huchimba vishimo katika chuma laini kama kioo, na tangu siku hiyo beringi hujisaga yenyewe.

Ithibati ya fadhila ya grisi imo katika bandari ya Kigoma. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kushushwa ziwani Kigoma mwaka 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitwaliwe na adui. Walakini mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito kwanza, hata Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya takriban miaka minane majini, zilionekana zafaa kwa kazi, na mwaka 1927 meli ikarudi safarini kwa jina la Liemba.

Dalili ya kwanza ya beringi mbovu ni mvumo mzito uongezekao kadiri mwendo unavyoongezeka. Gari likikata kona ya kushoto, uzito huhamia kulia. Basi mvumo ukizidi hapo, mtuhumiwa ni gurudumu la kulia, na kinyume chake. Kuondoa shaka, inua gurudumu kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukitoweka, kasoro ni ya beringi, ukibaki, chunguza boljointi.

Kabla ya kushika spana, shurti ujue aina ya gari lako. Magari madogo mengi yavutwayo na magurudumu ya mbele yana beringi iliyoshindiliwa kwa mashine ya presi, na mwenye kuigonga kwa nyundo huiharibu ingali mpya. Hiyo ipeleke gereji. Lakini pikapu nyingi za zamani zisukumwazo na magurudumu ya nyuma zina beringi mbili za roli katika kila habu ya mbele, ya ndani na ya nje, na hizo mtu mwangalifu aweza kuzibadili uani kwake.

Liegeshe gari penye ardhi ngumu, wala si mchangani. Zuia magurudumu ya nyuma, legeza nati za tairi, kisha inua kwa jeki na uliweke juu ya stendi, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Toa tairi, fungua kalipa ya breki na uining'inize kwa waya, isije ikaning'inia kwa mpira wake. Ondoa kifuniko cha vumbi, kotapini, nati na washa, kisha vuta habu. Ng'oa sili, utoe beringi, uoshe habu kwa mafuta ya taa hata ing'are. Vikombe vya zamani, yaani pete za nje za beringi zibakizo ndani ya habu, vigonge kwa kipande cha shaba, huku na huku, visipinde. Vipya viingize vilevile kwa upole, na sauti ya nyundo ikibadilika kuwa kavu, ujue vimekaa. Usifunge beringi mpya katika kikombe cha zamani hata siku moja.

Sasa nawa mikono. Weka kiganjani grisi ya magurudumu istahimiliyo joto, uikandamize kwa ukingo wa beringi hata ichomoze upande wa pili. Funga beringi ya ndani, sili mpya, habu, kisha beringi ya nje na washa yake. Kaza nati huku ukizungusha habu, ilegeze, uikaze tena kwa vidole tu: habu izunguke huru bila kucheza. Malizia kwa kotapini mpya na kifuniko, rudisha kalipa na tairi, ukanyage breki mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Nenda Ujiji na urudi, kisha gusa habu. Ikiwa inaunguza kuliko ya upande wa pili, nati imekazwa mno, nawe huna budi kuilegeza. Na wewe ambaye gari lako hushuka mwaloni kila siku, fungua habu hizo kila mwaka kabla ya mvua za Novemba, ubadilishe grisi na sili, kwani bei ya vitu hivyo viwili ni ndogo kuliko bei ya beringi.