Orodha ya mechi kuu: Tusimwachie mgeni kalamu

Mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha katika mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, aliwapa wanafunzi wake zoezi la insha lililoonekana kuwa jepesi: Taja mechi tano kuu za kandanda katika historia, uzipange kwa daraja, kisha uutetee mpango wako. Mwalimu huyo alitarajia kusahihisha sarufi na tahajia tu. Alichokisoma kilimkosesha raha, naye akaniletea rundo la madaftari hayo nijionee.

Takriban kila daftari liliitaja fainali ya Istanbul ya mwaka 2005, pale Liverpool walipokwenda mapumzikoni wakiwa nyuma kwa mabao matatu kwa nunge dhidi ya AC Milan, wakasawazisha yote matatu na kutwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 kule Qatar, ambapo Argentina na Ufaransa walitoshana nguvu kwa mabao 3-3 kabla ya Argentina kushinda kwa penalti, haikukosekana. Wengine waliikumbuka siku Ujerumani walipowalaza Brazil 7-1 nyumbani kwao mwaka 2014. Wanafunzi hao walijua wafungaji, dakika na hata makosa ya walinda lango.

Lakini katika rundo zima, halikupatikana daftari hata moja lililotaja mechi iliyosakatwa katika ardhi ya Afrika. Na hawa ni vijana wanaokaa mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, katika mji ambao ukilitamka jina la Gor Mahia hadharani hutakosa wa kukuitikia.

Naomba nisieleweke vibaya. Vijana hawa hawakukosea katika waliyoyaandika. Mechi ya Istanbul ilikuwa kubwa, na hakuna uzalendo utakaoipunguzia ukubwa wake. Hoja yangu ni nyingine. Kupanga mechi kwa daraja ni kutoa hukumu, na hukumu haiwezi kuwa ya haki iwapo mashahidi wa upande mmoja ndio pekee walioitwa mahakamani. Mechi ya Istanbul inaweza kutazamwa upya hata usiku huu katika simu ya mkononi. Mechi zetu nyingi kubwa zimehifadhiwa vifuani mwa watu waliokuwako uwanjani, au waliotega masikio kwenye redio ya Sauti ya Kenya enzi za watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela. Kijana hawezi kukichagua kitu ambacho hakuna aliyemsimulia.

Wenzetu wa ng'ambo hawakuachia jambo hili libahatike. Katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City liko bamba la ukumbusho wa nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1970, ambapo Italia waliwashinda Ujerumani Magharibi 4-3, mabao matano kati ya hayo saba yakifungwa katika muda wa ziada. Tuzingatie kwamba timu zote mbili zilikuwa ngeni. Wamexico waliona kuwa mchezo ule ulichezwa kwao, na kwa hiyo ukumbusho wake ni dhamana yao. Huko ndiko kuiheshimu historia.

Kabla hatujatoa orodha yetu, ni sharti tukubaliane kuhusu mizani. Mtu akisema mechi fulani ni kuu bila kutaja kipimo chake, anatueleza habari za moyo wake tu. Mimi napendekeza vipimo vinne. Cha kwanza ni uzito wa kilichokuwa kikigombewa. Cha pili ni ubora wa mpinzani, kwani kumwangusha mnyonge si sifa. Cha tatu ni mkondo wa mchezo wenyewe: je, matokeo yalikuwa mashakani hadi mwisho, ama kulitokea mageuzi ambayo mtu mwenye akili timamu asingeyatabiri? Cha nne ni athari, yaani yale yaliyobadilika baada ya kipenga cha mwisho. Kwa kipimo hiki cha nne, wanahistoria wa kandanda hawaachi kuutaja mwaka 1953, Hungary walipowachapa Waingereza 6-3 katika uwanja wa Wembley. Hakukuwa na kombe lolote la kushindaniwa siku ile, ila Uingereza, nchi iliyojiona kuwa mwalimu wa dunia, ililazimika kurudi darasani.

Kwa mizani hiyo basi, nathubutu kuzipanga mechi tano za Afrika Mashariki, nikianzia chini.

Ya tano ni ile ya tarehe 10 Agosti 2025 katika uwanja wa Kasarani, Kenya walipoilaza Moroko 1-0 katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Ryan Ogam alizifumania nyavu katika kipindi cha kwanza. Muda mfupi baadaye Kenya wakapoteza mchezaji kwa kadi nyekundu, wakalinda bao hilo kipindi chote cha pili wakiwa watu kumi. Ubora wa mpinzani haukuhitaji kujadiliwa, kwa sababu Moroko hao hao ndio waliolitwaa kombe mwezi huo huo. Haijapanda juu zaidi kwa sababu ilikuwa mechi ya makundi, na safari ya Kenya ilikatizwa na Madagascar katika robo fainali.

Ya nne ilichezwa Cairo tarehe 27 Juni 2019, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, majirani Kenya na Tanzania walipokutana. Tanzania walitangulia mara mbili, kupitia kwa Simon Msuva na Mbwana Samatta. Kenya wakasawazisha mara mbili, kwa bao la Michael Olunga na jingine la Johanna Omolo, kabla ya Olunga kufunga la ushindi zikiwa zimebaki takriban dakika kumi: 3-2. Nimeiweka hapa kwa ajili ya mkondo wake. Mizani ya uzito inaishusha, kwani hakuna kati ya majirani hao aliyevuka hatua ya makundi.

Ya tatu inatupeleka Ndola, Zambia, mwaka 1979. Tanzania walihitaji kuponea ugenini ili wafuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na bao la Peter Tino likawapa sare ya 1-1 iliyowapeleka Lagos mwaka 1980. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika huko, na miaka 39 ikapita kabla ya kurudi.

Ya pili ni ya mwaka huo huo na katika nchi hiyo hiyo. Simba ya Dar es Salaam, ikishiriki Klabu Bingwa Afrika, ilikuwa imefungwa nyumbani mabao 4-0 na Mufulira Wanderers. Mtu yeyote mwenye busara angewashauri waokoe nauli. Simba wakaenda Zambia, wakashinda 5-0 na kusonga mbele. Kama mageuzi ya Istanbul ni muujiza, basi haya tuyaiteje? Istanbul yalikuwa mabao matatu katika uwanja usio wa yeyote. Haya yalikuwa matano, kwa mwenyeji, mbele ya mashabiki wake.

Kabla ya kuitaja ya kwanza, sina budi kutaja kichapo. Orodha isiyokuwa na aibu ya mwandishi wake ni majigambo, na majigambo hayamfunzi mtu. Mwaka huo huo wa 1979, Gor Mahia walifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Canon Yaoundé ya Cameroon. Katika mikondo miwili, walifungwa jumla ya mabao manane bila jibu. Wazee wa Kisumu hawapendi kuisimulia habari hiyo, nami sishangai. Lakini asiyeijua fainali hiyo hataielewa ile iliyofuata baada ya miaka minane.

Naam, ya kwanza katika orodha yangu ni mkondo wa pili wa fainali ya kombe hilo hilo, ambalo wengi wetu tulizoea kuliita Kombe la Mandela, uliochezwa Nairobi tarehe 5 Desemba 1987 kati ya Gor Mahia na Espérance ya Tunisia. Mkondo wa kwanza kule Tunis ulikuwa umeisha kwa sare ya 2-2. Huu wa Nairobi nao ukaisha 1-1. Jumla ikawa 3-3, na kwa kuwa Gor walikuwa na mabao mawili ya ugenini huku wapinzani wao wakiwa na moja, kombe likabaki Kenya. Nahodha Austin Oduor akalipokea.

Msomaji ataniuliza: Yawezekanaje mechi kuu kuliko zote iwe sare? Namwomba afanye hesabu. Kwa sare ya 1-1, bao moja tu la Espérance lingeyageuza matokeo kuwa 2-1 na kulipeleka kombe Tunis. Kwa hiyo kila mpira wa kona na kila pasi iliyokatizwa karibu na lango ilibeba uzito wa miaka yote iliyotangulia. Mshindi wa 3-0 huanza kuimba mapema. Mashabiki wa siku ile hawakuwa na ruhusa hiyo.

Tuongeze vipimo vingine. Kilichogombewa kilikuwa taji la bara. Mpinzani alitoka Kaskazini mwa Afrika, eneo lililozoea kuzitupa nje klabu zetu. Ama kuhusu athari, tangu siku ile hadi mwaka 2025 hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda wala Tanzania iliyotwaa kombe la klabu barani. Yanga walilikaribia mwaka 2023, wakatoshana na USM Alger ya Algeria kwa jumla ya 2-2, na sheria ile ile ya bao la ugenini iliyowabariki Gor ikawanyima wao. Simba nao walicheza fainali mwaka 2025, wakashindwa na RS Berkane ya Moroko. Atakayeudharau ushindi wa 1987 na awaulize majirani zetu jinsi mlima huo ulivyo mrefu.

Zipo pingamizi mbili ambazo nisingependa kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba kandanda yetu ni ya kiwango cha chini, hivyo haistahili kuwekwa kwenye mizani moja na ya Ulaya. Anayesema hivyo anachanganya ustadi na ukuu. Ustadi ni sehemu ya kipimo, na ndiyo maana sikudai kuwa mechi ya 1987 iliipita ya Istanbul kwa ufundi. Nadai tu kwamba inastahili kuingia katika chumba cha mtihani kabla ya kupewa alama.

Pingamizi ya pili ni nyeti zaidi: kwamba Gor ni timu ya jamii moja, na kwamba mwandishi wa Kisumu hawezi kuihukumu bila upendeleo. Ninaupokea ukosoaji huo. Ndiyo sababu nimeweka mechi mbili za Watanzania katika tatu bora, na kukitaja kichapo cha Canon kwa idadi ya mabao yake. Aidha, nitafurahi shabiki wa AFC Leopards, ambaye tunamwita shemeji tunapokutana naye uwanjani, akiandika orodha yake na kuieleza mizani yake. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1984, na sijaipa nafasi hata moja. Huenda nimeidhulumu. Anisahihishe kwa ushahidi.

Kilicho muhimu kwangu ni mashahidi, kuliko hata orodha yenyewe. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 siku ile ya Desemba 1987 sasa amevuka 60. Wapo mtaani Migosi, wapo Kondele na Mamboleo. Mmoja anaweza kuwa ndiye anayekushonea viatu, mwingine ni babu yako anayesinzia kibarazani. Alisafiri vipi hadi Nairobi, umbali wa kilomita zaidi ya 300? Au alimsikiliza mtangazaji yupi, redioni mwa nani, na ni watu wangapi waliokizunguka kijisanduku hicho? Majibu ya maswali hayo hayamo katika kitabu chochote cha darasani, na kila tangazo la mazishi linatupunguzia mtu wa kuyajibu.

Nilimrudishia mwalimu yule madaftari yake nikamwomba jambo moja. Asiwaadhibu wanafunzi kwa kuisahau Afrika, maana hakuna aliyewakumbusha. Awape zoezi la pili: kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyeishuhudia au kuisikiliza mechi kubwa iliyochezwa hapa kwetu, amhoji, aandike jina la mechi, mwaka, matokeo, na alichokiona mtu huyo kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake. Kisha alinganishe masimulizi na ya mwenzake, kwa kuwa kumbukumbu za mashabiki huongeza mabao. Baada ya hapo ndipo waipange upya orodha yao ya mechi tano.

Iwapo Istanbul itabaki kileleni baada ya zoezi hilo, nitaikubali hukumu hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu itakuwa imetolewa na hakimu aliyewasikiliza mashahidi wa pande zote. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini anayetuza lazima kwanza ajue kwamba ngoma ilichezwa.