Bisho si ugomvi

Mwezi Machi, kaskazi ilipokuwa ikilegea na maleleji kuanza, nilikwenda Lamu kupumzika. Jumamosi tulipanda mashua ndogo ya tanga, tukaelekea magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mkono wa bahari unaofika huko, katikati ya mikoko, hupitika maji yajaapo. Basi haraka haikuwa na faida.

Wakati wa kurudi upepo ulitukabili. "Tutakwenda bisho, mwalimu," akasema nahodha. Foromali ikahamishwa upande huu, kisha ule, tukasonga mshazari kwa mshazari hadi gatini jua likichwa.

Wanafunzi wangu hulijua neno kubisha kwa maana ya kupinga maneno tu. Baharini maana yake ni pana zaidi: kuendesha chombo dhidi ya upepo, bila kuuelekea moja kwa moja wala kuukimbia. Kila mashine inapochukua nafasi ya tanga, msomaji, hatupotezi msamiati pekee. Twapoteza na somo lililomo ndani yake. Wanasiasa wetu hubishana mwaka mzima wakabaki palepale. Nahodha yule alibisha, akafika.