Kiondo cha Ukambani: Utajuaje kilichosukwa kwa mkono, na kwa nini ujali?

Jumamosi mchana uko Maasai Market jijini Nairobi. Mbele yako kuna vyondo vimepangwa safu kwa safu. Kimoja kina mistari ya hudhurungi na nyeusi na mikanda ya ngozi, na bei ni elfu mbili. Hatua tatu mbele, kingine kinachofanana nacho kama pacha kinauzwa mia saba. Muuzaji wa kwanza anaapa chake kimetoka Kitui. Wa pili naye anaapa chake kimetoka Makueni. Utachukua kipi?

Kama wewe ni kama vijana wengi wa mjini, utachukua cha mia saba, upige picha, uposti, maisha yaendelee. Eti kiondo ni kiondo tu. Lakini kati ya vile viwili, huenda kimoja kilimchukua mama fulani siku saba za kazi, na kingine kikatoka kwenye mashine ya nchi ya mbali. Ukishindwa kutofautisha, aliyekisuka kwa mkono ndiye anayeumia, kwa sababu analazimika kushindana na bei ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoiweza.

Kutoka jani hadi begani

Wakamba hukiita kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Ukipita vijiji vya Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi utaona mkonge umepandwa kando ya mashamba kama ua. Ni mmea usioogopa ukame, na ndiyo maana unafaa sana nchi ile ambako mvua ikikosa kunyesha, mahindi hukauka yakiwa hata hayajabeba.

Kazi huanza hapo kwenye ua. Majani hukatwa, yakaparuliwa hadi nyama yote ya kijani itoke na kubaki nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo ndizo katani. Huoshwa, zikaanikwa juani, halafu zikachanwa. Za rangi huchemshwa na rangi, iwe ya dukani au ya magome, mizizi na majani. Kisha inakuja kazi ambayo watu wa mjini hawaioni: kusokota. Mama huketi, akanyoosha mguu, na kuviringisha nyuzi kwenye paja kwa kiganja hadi ziwe kamba nyembamba yenye nguvu. Kiondo kimoja hula mita nyingi sana za kamba hiyo, na zote zimepita kwenye ngozi ya paja la mtu.

Baada ya hapo ndipo kusuka kunaanza, na kunaanzia kitakoni. Nyuzi za kusimama hupishanishwa katikati, halafu nyuzi mbili nyingine huzizunguka, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikipindana kila zinapokutana. Chombo kinapopanuka, nyuzi mpya za kusimama huongezwa. Kiondo kidogo huchukua siku kadhaa. Kikubwa chenye nakshi kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi, kwa sababu msusi huyo huyo ndiye anayechota maji, anayelima na anayepika. Mara nyingi utamkuta anasuka akitembea kwenda sokoni, au akiwa amekaa kwenye mkutano wa mwethya, yale makundi ya kusaidiana kazi ambayo Ukambani yamekuwapo tangu zamani.

Kilikotoka, na kilikopitia

Mkonge wenyewe si wa hapa. Asili yake ni Mexico, na ulifika Afrika Mashariki mwaka 1893 wakati Mjerumani Richard Hindorf alipouleta Tanganyika. Baadaye ukaenea Kenya, na hadi leo shamba kubwa la mkonge la Dwa liko Kibwezi, Makueni. Kabla ya hapo susu zetu walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu na za vichaka vya porini. Kwa hiyo utamaduni huu haujawahi kusimama mahali pamoja. Malighafi ilibadilika, lakini ufundi wa mkono ukabaki.

Miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilivuma Ulaya na Marekani kama mkoba wa kisasa, na akina mama wengi wa Ukambani na Ukikuyu wakalipa karo kwa pesa hizo. Kisha nakala za bei ya chini zilizotengenezwa Asia zikaingia sokoni, na bei ya cha mkono ikaporomoka. Nafasi nyingine ilikuja tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ghafla watu wakakumbuka kwamba nyanya zao walikuwa na jibu tangu zamani. Ila wenye nakala nao waliiona nafasi hiyo hiyo.

Kagua kabla hujalipa

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Haya hapa mambo unayoweza kuangalia palepale sokoni.

Kwanza, geuza kiondo utazame kitako. Cha mkono kinaanzia katikati na kuenea nje kwa mzunguko, na hakina mshono. Ukiona kipande cha mviringo kimeshonewa chini, au mshono umeshuka ubavuni kama wa suruali, hicho kimekatwa kutoka kwenye kitambaa au mkeka uliotoka mashineni, kisha kikaunganishwa.

Pili, tazama ndani. Msusi akiishiwa na uzi huunga mwingine, na miungo hiyo huonekana ndani kama vifundo au vincha vidogo. Ni alama za kazi, zisikutie wasiwasi. Chombo kisicho na hata muungo mmoja kinakupa sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Tatu, fuata mistari kwa jicho. Mkono wa mtu hauko sawa kila siku. Utaona mstari umepanda kidogo mahali fulani, au nakshi moja ni pana kuliko mwenzake. Lakini usichanganye hilo na kazi mbovu. Kiondo kizuri kimebana, na ukikiinua kwenye mwanga hupaswi kuona matundu. Vyombo hivi vilibeba mtama na wimbi, na punje hazikumwagika.

Nne, gusa na unuse. Katani ni kavu, ina ukwaru kidogo na harufu ya nyasi zilizokauka. Plastiki inateleza na kung'aa. Kama kuna uzi uliolegea na muuzaji amekubali, uwashe kwa kiberiti. Katani huungua kama karatasi na kuacha majivu. Plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu.

Hapo kuna jambo la kuelewa. Si kila kiondo chenye uzi wa nailoni au sufu ni feki. Akina mama wengi husuka kwa nyuzi hizo kwa sababu rangi ni nyingi na kusokota kunapungua. Hicho bado ni cha mkono. Feki ni kile unachoambiwa ni katani ya Kitui na kumbe sicho. Kosa ni uongo, si uzi.

Tano, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikitoka kwa wingi, jua haikushikishwa vizuri na itahamia kwenye nguo yako siku ya mvua.

Sita, chunguza mikanda. Ngozi halisi, ukiitazama mahali ilipokatwa, ina nyuzinyuzi. Ya bandia ina tabaka mbili, plastiki juu na kitambaa chini.

Na kama uko upande wa vinyago, kuna mchezo mwingine. Mti wa kawaida hupakwa kiwi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Kipime kwa mkono: mpingo ni mzito mno, kiasi kwamba ukitiwa majini huzama. Tazama chini ya kinyago au ndani ya mkwaruzo. Kama weusi umeishia juu tu, umedanganywa.

Piga hesabu mwenyewe

Tuseme kiondo kimechukua siku saba. Ukimbana mama hadi akupe kwa mia saba, hiyo ni shilingi mia moja kwa siku, na bado hujatoa rangi na nauli ya kufika sokoni. Kuna siku wewe unalipa zaidi ya hiyo kwa matatu moja ya asubuhi.

Tena mara nyingi si mama huyo aliye mbele yako. Wasusi wengi huuza kiondo kikiwa kitupu, bila mikanda, kwa dalali anayepita kijijini. Dalali hupeleka mjini, fundi mwingine hutia ngozi, na bei hupanda kila kinapobadilisha mkono. Unapobishana mia mbili ushushiwe, anayepunguziwa mwishowe ni yule wa mwanzo kabisa.

Ndiyo maana binti wa msusi akimaliza shule hataki kusikia habari ya mkonge. Si mvivu, ameona hesabu. Ikiendelea hivi, ufundi utaondoka na kizazi cha susu, na hakuna video ya mtandaoni itakayourudisha.

Wenzetu wanalindaje?

Italia imeishi na tatizo hili miaka mingi. Mafundi wa kioo wako kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291, Venice ilipoamuru tanuri zao zihamishiwe huko. Watalii walipoanza kuuziwa vioo vya kigeni kwa jina la Murano, jimbo la Veneto liliweka kwa sheria ya mwaka 1994 alama maalumu ya kioo kilichotengenezwa kisiwani. Umoja wa Ulaya nao ukapitisha mwaka 2023 kanuni ya kulinda majina ya kazi za mikono kulingana na mahali zinakotoka.

Kenya haikuanza jana pia. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinataka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria ya alama za biashara nayo inaruhusu kikundi kumiliki alama ya pamoja. Wasusi wa vikapu wa Taita wamewahi kushirikiana na KIPI na WIPO katika jambo hili. Lakini alama haina maana kama mnunuzi haiulizii.

Wewe ufanye nini?

Muulize muuzaji maswali matatu: nani amesuka, wapi, na kwa uzi gani? Anayeijua bidhaa yake atakutajia kikundi au kijiji bila kusitasita. Anayebabaika, mwache. Ukiwa na safari ya Kitui au Wote, nunua huko huko siku ya soko. Ukiwa unauza mtandaoni, andika jina la kikundi kwenye picha na sema ukweli kuhusu malighafi. Na kama kwenu kuna susu anayesuka, likizo hii keti naye, umwambie akuonyeshe jinsi ya kuanza kitako. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Basi ukivaa kiondo begani, jua aliyekiunda, na uhakikishe amelipwa.