Jinamizi, Kukoroma na Pumzi Inayokatika Usingizini

Katika mikutano ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hapa Mafiga, mada ya afya ikifunguliwa maswali huwa ya malaria, UKIMWI na kisukari. Safari moja mama mmoja alisubiri wenzake watoke ndipo akauliza la kwake. Mume wake, ambaye ni dereva wa lori, "hukabwa" usiku. Hukoroma kwa nguvu, mara ananyamaza kabisa, kisha hushtuka akitweta kama mtu aliyetolewa majini. Nyumba nzima imeshaamini kuna mkono wa mtu, na jina la bibi mmoja jirani limeanza kutajwa. Akauliza: ni jinamizi, ni ugonjwa, au ni uchawi?

Tumeona vema swali hilo tulijibu hapa kwa faida ya wote.

Kwanza tufahamu kwamba usingizi si kitu kimoja. Usiku mtu hupita katika vipindi vinavyojirudia kila baada ya dakika 90 hivi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kuwa kuna kipindi ambacho macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Kipindi hicho wataalamu hukiita usingizi wa REM. Kwa mtu mzima huchukua karibu robo ya usingizi wote, na sehemu kubwa huja kuelekea alfajiri, ndiyo maana ndoto nyingi tunazozikumbuka ni za karibu na jogoo kuwika.

Katika usingizi huo ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, lakini mwili unakuwa umefungwa. Misuli ya mikono, miguu na shingo hulegea kabisa. Hubaki ile ya macho na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaotuwezesha kupumua. Muumba alipanga vizuri, maana bila hivyo anayeota anakimbizwa na nyati angeinuka kweli na kujigonga ukutani.

Shida ni kwamba kulegea huko hufika hadi kooni. Kwa watu wengine, hasa wenye uzito mkubwa, shingo nene au taya dogo, ulimi na nyama za koo huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua kinavuta, hewa haipiti. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja, na wapo wagonjwa wanaopatwa na matukio 30 na zaidi kwa saa moja. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo hushtuka, koo hufunguka kwa mkoromo mkubwa, na mtu hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Katika REM koo hulegea kuliko wakati mwingine na ubongo huchelewa kushtuka, hivyo pumzi mara nyingi hukatika kwa muda mrefu zaidi. Wapo ambao hukatika katika kipindi hicho tu, ukiwasikiliza saa nne za usiku utasema ni wazima.

Na ndoto je? Wagonjwa wengine huota wanazama mtoni, wananyongwa au wanafukiwa. Wengine husema hawaoti tena, kwa kuwa usingizi wao wa ndoto hukatwakatwa kila unapoanza.

Jinamizi ni jambo jingine, ingawa ni jirani yake. Hapo akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtu anaona chumba chake, anasikia, lakini hawezi kuinua kidole wala kupiga kelele. Misuli ya kifua bado imelegea, kwa hiyo anahisi amekaliwa, na ndoto ambayo haijaisha humwekea mtu au mnyama pembeni ya kitanda. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache. Hutokea zaidi kwa mtu aliyelala chali, aliyekosa usingizi, au anayefanya kazi za zamu. Anayeamshwa mara kwa mara katikati ya ndoto na pumzi iliyokatika naye yuko katika hatari zaidi ya kupatwa nalo.

Hofu ya jambo hili imewahi kumwaga damu. Mwaka 1995 huko Pemba na Unguja ilienea habari ya Popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwavamia watu vitandani na kuwakandamiza. Familia zililala nje pamoja zikiota moto. Mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Watafiti hawakubaliani juu ya chanzo cha tukio hilo lote. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi na wenye wasiwasi mwingi. Lakini masimulizi mengi ya waliovamiwa yanafanana sana na jinamizi.

Kutofautisha si vigumu. Mwenye jinamizi husimulia mwenyewe, kwa sababu alikuwa macho. Wa pumzi kukatika hajui, shahidi ni anayelala naye. Huyu wa pili ndiye wa kuwahishwa, kwa sababu ugonjwa huu hupandisha presha na kuumiza moyo, na humfanya mtu asinzie mchana. Dereva anayesinzia katika barabara ya Mikumi anahatarisha wengi. Watoto nao wasisahauliwe: mtoto anayekoroma kila usiku, anayepumulia mdomo na kukojoa kitandani apelekwe kupimwa mafindofindo badala ya kuchapwa.

Nyumbani, mgonjwa alale ubavu, apunguze uzito, aache pombe hasa ya jioni, wala asinunue dawa za usingizi bila daktari. Tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan wa Australia na kuelezwa mwaka 1981. Ni ghali. Anayeianza huenda akaota sana siku za mwanzo, kwani ubongo unalipa deni la ndoto, asiogope.

Mama yule tulimwomba aje na mumewe kituo cha afya, naye asimulie anachokiona usiku. Presha ya mume ilikutwa juu na ameanzishiwa dawa. Kipimo cha usingizi chenyewe bado hajakipata. Kwa sasa mkewe amemshonea mfuko mgongoni mwa fulana na kuutia mpira wa tenisi, ili akigeuka chali aumie na kurudi ubavu. Analalamika kila asubuhi, lakini anauvaa.